Aliyemripotia Telesphor

Pikipiki ilikataa kuwaka mara tatu, ya nne ikakohoa, ya tano ikanguruma na kumwaga oili kwenye kizingiti cha Vasanti. Telesphor Mutalemwa alikuwa na tambara tayari. Alipiga magoti katika baridi ya Oktoba na kuanza kusugua kabla mwenye nyumba hajatokea, lakini mwenye nyumba alikuwa dirishani tangu teke la kwanza.

"Kila siku oili, Telesphor," alisema Vasanti. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Mwanza, na miaka mitano ya Southall, mtaa huu wa London, haikuwa imemwibia Kiswahili chake. "Jirani anasema Wahindi sasa tumefungua gereji."

"Samahani, mama. Leo chuoni wamesema file langu litaonekana."

"Jana pia walisema."

"Jana walisema kesho."

Vasanti alimpa chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti. "Na rafiki yako?"

"Bado sijamwona."

"Mimi pia namwombea. London hii inameza watu."

Hiyo ilikuwa siku ya kumi tangu Telesphor afike Uingereza. Pikipiki aliinunua kwa padri wa misheni kule Bukoba, kwa sababu nauli ya ndege ilikuwa ndoto ya mchana, na chuo cha ufundi cha London kilikuwa kimemkubalia asomee uhandisi wa maji. Nyuma yake alimpakia Leonard Kagaruki, aliyekaa naye dawati moja tangu shule ya msingi. Leonard hakuwa na chuo. Alikuwa na matumaini tu, na mikono mizuri ya kuziba pancha. Walipita Nairobi, Moyale, Addis Ababa na Khartoum, wakila vumbi moja, mpaka Aleksandria, ambako watu wa forodha waliizuia pikipiki kwa sababu hati yake ilikosa muhuri mmoja. Hati ilikuwa kwa jina la Telesphor, kwa hiyo wa kusubiri alikuwa Telesphor. Meli ya Italia ilikuwa inaondoka kesho yake, na chuo kilikuwa kimeandika waziwazi kwamba asiyeripoti kufikia tarehe ishirini na nane Septemba amepoteza nafasi.

Wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwao angefanya. Kule nyumbani, mwanafunzi akikwamishwa na mafuriko au msiba, ndugu yake huchukua barua na vyeti akamripotie. Telesphor mwenyewe aliwahi kumripotia binamu yake sekondari. Alilala kitanda cha binamu siku nne, akala ugali wake, na hata mwalimu mkuu hakuona ajabu. Basi alimkabidhi Leonard bahasha yenye barua ya chuo na vyeti vyake vyote, vile halisi, pamoja na sanduku lenye koti la sufu alilopewa na baba yake. Nani angeamini posta wakati mkono wa rafiki upo?

Forodha walimweka wiki tatu. Alipofika bandari ya Dover bila barua yoyote, afisa wa uhamiaji alimpigia muhuri wa siku kumi na nne: alete uthibitisho wa chuo, la sivyo arudi kwao. Katika hosteli waliyopatana kukutana, Leonard hakuwepo. Telesphor alikwenda polisi kumuulizia. Kila jioni alimsalia rozari, akimwona kwa mawazo yuko hospitali, au chini ya bahari ya Italia.

Chuoni alisimama kwenye dirisha lile lile la siku zote. Karani, mama mwenye miwani ya mnyororo, safari hii alikuwa na jalada mkononi.

"Limeonekana," alisema. "Lakini sielewi unataka nini. Bwana Mutalemwa yuko darasani. Anahudhuria tangu tarehe ishirini na nane Septemba."

"Mutalemwa ni mimi."

Karani alifungua jalada. Mlikuwa na fomu aliyoijaza Telesphor kwa mwandiko wake, na nakala za vyeti vyake. Juu ya fomu, mahali ambapo picha hubandikwa siku ya kuripoti, palikuwa na uso wa Leonard, shingoni koti la baba yake Telesphor.

Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa furaha. Leonard yu hai! Furaha hiyo ilidumu kama pumzi mbili hivi, na baadaye ndiyo iliyomuuma kuliko mengine yote.

Alitoa pasipoti. Karani aliitazama, akaitazama picha ya kwenye fomu, akamtazama yeye.

"Mnafanana sana," alisema.

Hawakuwahi kufanana. Leonard alikuwa amemzidi kichwa kizima, na uso wake ni mwembamba. Hata mbuzi wa kwao waliwatofautisha.

"Chuo kinamtambua aliyeleta vyeti halisi," karani aliendelea bila ukali. "Nenda ubalozini kwenu waandike nyumbani. Majibu yakija, kamati itakaa. Pengine kufikia Krismasi."

"Ruhusa yangu inaisha Jumamosi."

"Hiyo ni ofisi nyingine," alisema, akashusha dirisha akanywe chai.

Telesphor alisimama ukumbini akiwa na chapati mfukoni. Hakusubiri sana. Leonard alikuja na vitabu kwapani, akicheka na Mzungu mmoja, na alipomwona kicheko kilikatika. Alimvuta mpaka chini ya ngazi.

"Teles. Umefika lini?"

"Nilikwenda polisi kukuulizia. Nilidhani umekufa."

Leonard aliangalia viatu vyake. "Nisikilize kwanza. Siku ile nimeweka bahasha pale dirishani, yule mama akaniuliza, Mutalemwa? Nikasema yes. Si nilikuwa nakuripotia? Akaomba picha, akanipa kadi. Wiki ya kwanza nilikushikia nafasi, haki ya Mungu. Niliandika notes kwa ajili yako."

"Na ya pili?"

"Ya pili nikaanza kuelewa somo."

"Hosteli ulihama kwa nini?"

Leonard alihamishia vitabu kwapa la pili. Telesphor alimngojea ajibu. Angekubali hata uongo, mradi uwe uongo uliotafutwa kwa heshima.

"Tunaweza kugawana," Leonard alisema hatimaye. "Wewe Jumatatu na Jumatano, mimi siku nyingine. Hawa hawatutofautishi, Teles. Mwezi mzima huyu lecturer hajaniangalia usoni hata mara moja. Ukinisema, tutafukuzwa wote wawili. Si afadhali mmoja asome?"

"Mmoja yupi?"

Kengele ililia.

"Vua koti," alisema Telesphor.

"Kuna baridi, ndugu yangu."

"Vua koti la baba yangu."

Leonard alilivua, akaingia darasani na shati lake. Telesphor alilivaa. Lilinuka mafuta ya nywele ya mtu mwingine, na mfukoni mlikuwa na kadi ya maktaba yenye jina la Telesphor mwenyewe. Pikipiki ilikuwa nje na ingeweza kumfikisha ubalozini, akaandikiwe barua ya kwenda kungoja barua. Badala yake alisukuma mlango wa darasa, akakaa safu ya nyuma.

Mwalimu aliingia, akafungua rejista, na kuanza kusoma majina bila kuinua kichwa. Kila jina lilipata jibu, na kila jibu likapata alama ya kalamu.

"Telesphor Mutalemwa."

"Present," alisema Leonard.

"Present," alisema Telesphor, akasimama.

Kalamu ilitia alama moja. Mwalimu aliita jina lililofuata, na mwenye jina akaitika.

"Mwalimu," Telesphor alisema kwa Kiingereza alichokisomea miaka kumi na miwili, "tumeitika wawili. Naomba uniangalie."

Mwalimu aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Alimtazama Telesphor aliyesimama, kisha Leonard aliyejikunyata kitini, kisha akarudisha macho kwenye rejista, akaipitisha kalamu juu ya jina lile lile.

"Nimekwisha kukuwekea alama, Bwana Mutalemwa," alisema. "Kaa chini."

Leonard alikuwa amekaa. Telesphor alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akabaki amesimama.