Kiti cha Tatu

Siku ya kwanza majini, mwezi wa pili, Noé alimwita mjomba wake namba.

"Trois, unawahi! Trois, ngojea wenzako!"

Ndivyo walivyofundishwa na madame Régine, kocha wa shule. Katika mashua ya makasia manne hakuna jina, kuna kiti: un, deux, trois, quatre, moja hadi nne kwa Kifaransa. Wapiga makasia huenda kinyumenyume, kila mmoja akitazama mgongo wa mwenzake. Quatre anatoa mwendo, wengine wanamfuata. Anayewaona wote ni barreur, yule anayekaa nyuma na kushika usukani. Noé alikuwa na miaka kumi na mitano na mwili wa kuku, basi shule ikampa usukani na ruhusa ya kumfokea kila mtu.

Lakini trois alikuwa Jérôme, mdogo wa mwisho wa mama yake Noé. Alikuwa na miaka kumi na saba tu, ndiyo, lakini mjomba ni mjomba, tonton ni tonton.

Jérôme alimngojea nyuma ya banda la mashua, soksi mbichi mkononi.

"Mi ni namba? Mutoto wa dada yangu ananiita namba mbele ya bantu?"

"Tonton, madame Régine njo alisema tuite vile."

"Madame Régine alikuzaa? Kule Bukavu ungethubutu?"

"Weye mwenyewe ulitoka Bukavu na miaka deux, tonton."

"Hata! Deux yangu ilikuwa na heshima."

Tangu siku ile Noé aliwaamrisha un, deux na quatre. Ikifika zamu ya trois, alikohoa.

Na mashua ikaanza kuyumba. Mashindano ya Machi walifika wa mwisho. Aprili, kwenye mfereji wao wenyewe huku ughaibuni, upande ule wa mtaa wa Laeken ambako maji ni meusi kama kahawa iliyolala, waliyumba mpaka mashua ikakaribia kupanda ukingo, na wavulana wa shule nyingine wakawapigia makofi ya kejeli. Jérôme alitaka kuwafuata na kasia. Kila mara mashua ilipoyumba alihisi pigo mgongoni, na nyuma ya mgongo wake alikaa Kassimu, deux.

"Kassimu ananipiga," alimwambia kocha. "Anakuja mbio, hana subira."

Madame Régine alikuwa akiwafuata kwa baiskeli kandokando ya mfereji. Kutoka pale aliona trois na deux wanagongana. Nani alianza, hakuweza kuapa. Akamgeukia Noé.

"Barreur, wewe unaona. Ni nani?"

Noé alitazama kamba za usukani. Akakohoa.

"Basi," alisema kocha. "Jumapili ni mashindano ya mwisho. Tukiyumba tena, deux anatoka."

Kassimu alisubiri wafike kituo cha tramu, maana yeye alikuwa akivuka mji mzima kurudi mtaani kwake Saint-Gilles, akavua glavu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka, vingine vinavuja damu.

"Tazama, bwana. Mimi sikupigi. Mgongo wako ndio unanijia vidoleni kabla sijamaliza kwenda mbele. Unavuta kabla ya wakati."

"Mgongo wangu hauna macho."

"Ndiyo maana ninakwambia mimi! Nimetoka kwetu Buyenzi na vidole kumi, wewe unataka nirudi na vingapi?"

Jérôme alicheka kwa dharau, akapanda tramu yake. Lakini wiki nzima hakutulia. Darasani goti lilimchezacheza. Nyumbani alivuta kasia lisilokuwepo, kitini, mezani, mpaka mama yake, maman Bibiane, akaweka sahani chini.

"Mguu yako iko na homa? Jumapili nitakuya kuona hiyo kitu inakukosesha kula."

Akaja kweli, na kitenge chake kipya na kiti cha kukunja, akakaa ukingoni palepale watu walipokuwa wanashangilia.

Walianza vizuri. Kisha Jérôme akaisikia mashua ya jirani ikimpita, damu ikamchemka, akavuta kwa nguvu zake zote. Mashua ikalala upande. Pigo mgongoni. Nyuma yake Kassimu aliguna kwa maumivu.

Noé alimwona Kassimu amekunja uso. Alimwona bibi yake, koko Bibiane, kule ukingoni. Akamtazama tonton wake machoni.

"Trois!" Sauti ilimkatika, akairudia. "Trois, unawahi! Ni weye! Ngojea quatre! Trois, nasema ngojea!"

Watu ukingoni waligeuka. Masikio ya Jérôme yaliwaka moto. Angekuwa nchi kavu angemjibu, lakini pumzi yote ilikuwa kwenye kasia. Haya, alisema moyoni kwa hasira, nangoja, waone tutakavyobaki nyuma. Akangoja. Akaacha kile kiti cha magurudumu kiteleze polepole chini yake mpaka mabega ya quatre yalipoanza kurudi, ndipo akavuta.

Mgongo wake haukugusa kitu.

Akangoja tena. Mashua ilinyamaza. Kwa mara ya kwanza msimu ule aliyasikia maji yakikimbia chini ya mbao, na nyuma yake Kassimu akipumua sawasawa naye. Akangoja tena na tena, meno yameumana, wakaipita mashua moja, wakaipita nyingine. Walifika wa pili.

Madame Régine alitupa baiskeli kwenye majani.

"Kumbe ni trois! Deux anabaki. Jérôme, wewe na mimi tutaongea Jumanne."

Maman Bibiane alikuwa amekwisha kufika kwenye gati, kiti kwapani.

"Noé! Ile trois ulikuwa unapigia kelele ni nani?"

Wanne walikuwa wamesimama wameshika mashua, wakingojea amri ya kuitoa majini. Kassimu alitazama vidole vyake. Noé akaanza kuamrisha.

"Tayari... Un. Deux." Akakohoa. "Quatre."

Jérôme hakuinua.

"Na trois?"

"Tonton, koko iko pale," Noé alinong'ona.

"Namuona. Ni mama yangu. Nimeuliza: na trois?"

Maman Bibiane alimtazama kijana wake, akamtazama mjukuu wake, mdomo umefunguka.

"Trois," alisema Noé, "inua!"

Jérôme akainua.