Asubuhi ya Usaili

Taa za swichi kuu ya mtandao zilikuwa zinapepesa zote kwa pamoja, kana kwamba zimepandwa na mashetani. Mama Waya, ndivyo wanafunzi wa hosteli ile walivyombatiza, alipiga magoti mbele ya kabati la mitambo akalaani kimoyomoyo. Wiki nzima alikuwa ametandaza kebo chumba hadi chumba, watu waache kugombania Wi-Fi iliyozidiwa kila jioni. Jana kila kitu kilikwenda vizuri. Leo mtandao umekata jengo zima, wa kebo na wa Wi-Fi, kwa kuwa yote miwili hupita kwenye swichi hiyohiyo.

Na huko juu, chumba namba tisa, binti wa kaka yake alikuwa amevaa blauzi iliyopigwa pasi ikanyooka, akisubiri usaili wa kazi kwa kompyuta. Wasaili hawakumung'unya maneno: asiyeonekana ndani ya dakika kumi, nafasi yake anapewa mwingine. Simu humo ndani hazishiki, na nje malori ya kokoto yalinguruma mtu asisikie hata sauti yake mwenyewe.

"Nilikwambia," alisema msimamizi wa hosteli, amemsimamia mgongoni. "Wi-Fi yetu ilikuwa ya kusuasua, lakini ilikuwepo. Sasa hata hiyo umeiua."

"Bwana, ukitaka nichelewe, endelea kunisemesha."

Haraka haraka haina baraka, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na usaili siku hiyo. Akaanza kuchomoa kebo moja moja na kuirudisha, akitafuta yenye kasoro. Chumba cha kwanza, taa zilezile. Cha pili, vilevile. Binti akashuka ngazi mbio, miguu mitupu.

"Shangazi, muda umeshaanza!"

"Rudi ukae mbele ya mashine yako! Nikifaulu wewe hupo, itakuwa kazi bure."

Alimkaripia kwa ukali kuliko alivyokusudia. Alikuwa anaogopa, basi.

Alipochomoa kebo ya chumba cha tisa, taa zikatulia. Vyumbani wakashangilia: "Umerudi! Umerudi!" Msimamizi akashusha pumzi. Mama Waya hakushusha. Jengo zima limepona isipokuwa chumba kimoja, na ndicho hicho.

Akapanda ngazi mbilimbili. Mlangoni alisimama kaka yake, aliyekuja kumtia bintiye moyo, na ambaye miaka yote aliiita kazi ya dada yake kuchokonoa kuta. Mezani kilikuwepo kisanduku kidogo cha kugawa mtandao, cha binti na mwenzake wa chumba. Mwenzake ametoka na kompyuta yake, kebo kaiacha. Sasa ncha zote mbili za kebo hiyo zilikuwa zimechomekwa kwenye kisanduku kilekile.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," kaka alisema. "Ilikuwa inaning'inia. Nikasema mtoto asije akajikwaa siku kama ya leo. Tundu nikaliona wazi, nikaichomeka."

Basi ndiyo hiyo. Kila kilichotumwa kiliingia ncha moja kikatokea nyingine, kikaingia tena, kikizidi kuongezeka, mpaka njia za jengo zima zikajaa. Maneno ya miaka mingi yalimjaa mdomoni. Akayameza, akaing'oa ile kebo, akainama juu ya ngazi.

"Bwana msimamizi! Kebo ya chumba cha tisa, irudishe!"

"Niirudishe izime tena? Thubutu!"

"Nimeshatengeneza! Irudishe!"

Msimamizi hakuigusa. Binti alikuwa anakikodolea macho kioo cha kompyuta. Ndipo kaka akamsukuma dada yake kando, akaunguruma jengo zima likasikia.

"Kosa ni langu mimi, baba mtu! Fundi hana kosa! Chomeka, nakuomba!"

Taa ya kisanduku ikawaka. Ikapepesa polepole, kama inavyopaswa. Nyuso tatu zikatokea kwenye kioo.

"Ndiyo," binti alisema. "Nawasikia vizuri. Samahani kwa kuchelewa."

Mama Waya akauvuta mlango taratibu. Kaka yake alibaki kwenye ujia, hajui pa kuweka mikono.

"Nikae hapa," alinong'ona, "au nitaharibu kingine?"

"Kaa, kaka. Ila usiguse kitu."

Akakaa sakafuni, mikono kaibana katikati ya magoti. Dada mtu naye akakaa kando yake, na wote wawili wakamsikiliza mtoto wao akijibu maswali, bila sauti yake kukatika.