Ubao Uliokataa Neno Moja

Kalamu za kuchomea mbao zilikuwa kwenye kabati la kioo, kati ya bisibisi na kufuli. Mwenye duka alizitoa moja moja, akazipanga juu ya kitambaa kama daktari wa meno anayejiandaa. Mteja wake aliziangalia bila kuzigusa. Mteja huyo aliitwa Kidole, kwa sababu kidole chake cha shahada kiliungua kazini zamani kikajikunja, na tangu hapo kila aliyeonyeshwa njia naye alipotea.

"Hii ni ya kazi nyingi," alisema mwenye duka. "Unachoma mbao, unachoma ngozi, unalehemu redio, unakata sponji. Unabadilisha ncha tu."

"Mpini wake utakupika kiganja," alisema Dada.

Dada alikuwa ameegemea kaunta. Alikufa mwaka uliopita katika moto wa karakana, yeye na wanawake wenzake wa meza za nyuma. Alikuwa ameingia dukani akimfuata mdogo wake, na aproni yake ileile na harufu yake ya moshi, na kila alipoweka kiwiko aliacha majivu kwenye kioo. Mwenye duka aliyafuta. Tangu ule moto, marehemu wa karakana walikuwa na mazoea ya kuandamana na ndugu zao madukani, na wafanyabiashara wa mtaa ule walikuwa wameshanunua matambara ya akiba.

"Mama, huyu marehemu wako hana jema," alisema mwenye duka. "Juzi kaja mwenzake na mume wake kununua kufuli. Kazikataa zote. Zote! Mume kaondoka na misumari."

"Huyu anaijua kazi," alisema Kidole. "Mwache aseme."

Dada akasema. Ile ya bluu waya wake mfupi, ungefanya kazi umeibusu soketi. Ile ndefu ncha zake zilikuwa za kuskurubu, na zikishapata moto mara mbili tatu haziskurubuki tena, labda uzing'oe kwa meno. Kidole aliipenda ile nyeusi, iliyosifiwa kwamba ina moto kushinda zote.

"Moto mkali ni wa kuonyeshea watu," alisema Dada. "Ubao unaungua kabla hujaamua unachoandika. Tafuta unaopungua."

Kidole hakuwa amewahi kuchagua moto. Karakana, alikofanya kazi na yeye, walikuwa na kalamu za joto moja. Ulichochagua wewe ni kasi ya mkono, na ukichelewa shimo ni lako, linakatwa kwenye mshahara wako. Humo walichoma maua kwenye trei, majani kwenye vijiko, na maneno "Karibu Nyumbani" kwenye vibao vya kutundikia funguo. Kalamu mpya ilionjwa kwa jani: unaanzia kwenye kikonyo, unazunguka, unarudi kwenye kikonyo bila kuinua mkono. Jani likikatika, kalamu haifai.

Mwenye duka akaleta kipande cha ubao, akachomeka waya ukutani. Jani la kwanza likakatika. La pili likavimba tumboni. Kalamu ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina sura, ina kiboksi chenye kitufe cha kuongeza na kupunguza moto, na mpira laini mahali pa kushika. Jani likatoka zima. Dada akaichukua mkononi mwa mdogo wake, akachora lake, lenye mkia uliojiviringa, kama alivyolichora miaka yote. Moshi ukapanda wima.

"Hii," alisema.

"Nifungie hiyo," Kidole akamwambia mwenye duka. "Andika kwenye deni la Tajiri."

Tajiri ndiye mwenye karakana. Alikuwa amejenga mpya mahali pa ile ya zamani, yenye madirisha ya nondo na sakafu ya vigae, na siku ya ufunguzi mgeni rasmi angekuja. Alitaka ubao wa kumbukumbu ukutani kando ya mlango. Alikuwa amemwita Kidole ofisini, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, jambo ambalo Kidole alilitilia shaka papo hapo.

"Majina yao, halafu chini yake: wapendwa wetu waliofariki kwa ajali," Tajiri alimwambia. "Chagua chombo chochote dukani. Ukimaliza ni chako. Kaa nyumbani ufanye kazi zako, mama. Umeteseka vya kutosha."

Kidole alikuwa na watoto wawili na meza nzuri chini ya dirisha. Chombo cha namna ile kilikuwa mlango wa kutokea. Angechoma trei zake mwenyewe, mikanda yake ya ngozi, fremu za picha, na asingesikia tena mtu akizungusha ufunguo nyuma ya mgongo wake.

Maana kila mtu alijua habari ya ufunguo. Miezi michache kabla ya moto, kalamu moja ilipotea. Kalamu ni kitu kidogo, kinaingia kifuani, na Tajiri akaamua kwamba ndiko ilikoingia. Akamwagiza msimamizi afunge mlango kwa nje kila zamu. Siku ya moto msimamizi alikuwa ameenda kunywa chai na funguo zake mfukoni. Walipozoa majivu waliikuta ile kalamu chini ya meza, kwenye ufa wa sakafu, ilikoanguka yenyewe. Gazeti likaandika hitilafu ya umeme. Hitilafu ya umeme ni mshtakiwa mzuri sana: haina ndugu, haikati rufaa, na haialikwi kwenye karamu za wakubwa. Gazeti hilo likataja na idadi ya marehemu, ikapungua mmoja, mwanamke wa kufagia, kwa kuwa alikuwa kibarua, na kibarua hahesabiki hata akiungua.

Kidole aliuweka ubao juu ya meza yake asubuhi, watoto wakiwa shule. Ulikuwa ubao mpana, mweupe, aliopiga msasa mwenyewe mpaka ukawa kama shavu. Dada alikaa dirishani akichezesha miguu. Majina yakaingia vizuri, moja baada ya jingine, na Kidole akamwongeza yule wa kufagia bila kumwuliza mtu. Kalamu ilikuwa tamu. Ilifuata mkono kama mbwa mzee anavyomfuata mwenyewe.

Akaandika: wapendwa wetu. Maneno yakakaa, japo kwa kinyongo, yakawa hafifu kidogo. Akaandika: waliofariki kwa. Yakakaa. Akaandika: ajali.

Ubao ukajifunga. Herufi zilianza kujaa kutoka chini, kama unga ulioumuka, na mpaka anafika mwisho wa neno mwanzo wake ulikuwa mweupe tena. Kidole akapuliza vumbi, akaongeza moto kidogo, akarudia. Ubao ukarudia na wenyewe. Akabadilisha ncha, akatia ile pana ya kuchomea ngozi. Chumba kikajaa moshi, neno likazama mpaka akaogopa kutoboa upande wa pili, kisha likapanda taratibu, likasawazika.

"Huu ubao ni mbichi?" aliuliza.

"Umekauka vizuri," alisema Dada.

"Basi nisaidie. Wewe ndiye fundi."

"Nikusaidie neno hilo? Mimi nilikuwa mlangoni, mdogo wangu. Nilikigonga kile kitasa mpaka kikawa chekundu."

Kidole akaiweka kalamu kwenye kishikio chake. Nje, jirani alikuwa anakung'uta mkeka.

"Mimi sina kinyongo na wewe," Dada aliendelea, sauti ikiwa ileile ya kuzungumzia bei ya nyanya. "Una watoto. Rangi itakubali. Rangi haina tatizo na neno lolote. Chukua brashi, andika, hiki chombo kibaki chako."

"Na wewe utaacha kuja?"

"Nitakuja. Nitakaa hapahapa. Nani atakuonyesha namna ya kutia kivuli kwenye maua? Wewe maua yako yote yanafanana na kabichi."

Kidole alicheka, kisha akaacha kucheka. Kopo la rangi nyeusi lilikuwa chini ya meza. Alikuwa analijua hata kabla Dada hajasema. Alilitazama kwa muda. Aliitazama na kalamu. Kisha akapunguza moto hadi ule wa chini kabisa, wa kuandikia polepole, akaandika kwenye mstari wa chini: mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Maneno yakaingia bila sauti. Hayakutoa hata moshi.

Tajiri aliusoma ubao akiwa amesimama. Aliukwaruza kwa ukucha kwenye nafasi nyeupe lilipokuwa neno lake, akaambiwa ubao umelikataa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa maji yamekatika.

"Mbao za siku hizi," alisema. "Ungeniambia, tungetia rangi."

Akamwita mwandishi wa mabango. Mwandishi wa mabango alipaka rangi nyeupe juu ya mstari wa mwisho, akapaka tena, kisha akaandika kwa nyeusi lile neno la Tajiri, na kwa kuwa alikuwa na nafasi akachora na njiwa. Kalamu ya kijivu ilirudishwa dukani ndani ya boksi lake. Mwenye duka aliipokea, akafuta majivu kwenye waya, akaiweka kabatini pembeni ya kufuli. Kidole akarudi zamu ya asubuhi.

Ufunguzi ulikwenda vizuri. Ubao ulikuwa wa moto. Mgeni rasmi aliuwekea mkono kwa ajili ya picha, akautoa, akaomba maji, akasifu mfumo wa umeme. Mashada ya maua yaliyoning'inizwa juu yake yalikauka kabla hotuba haijaisha. Tajiri alisema karakana ni familia. Marehemu walisimama nyuma, wakasikiliza mpaka mwisho, na mwanamke wa kufagia aliokota maua yaliyoanguka.

Tangu hapo ubao haujapoa. Rangi haikubanduka, na njiwa yupo. Wanawake wa zamu hupasha mikono yao moto pale asubuhi za baridi, na seremala alipigilia rafu ndogo chini yake ili wapashie chakula, ubao ukawa umepata kazi. Msimamizi hupashia chai yake hapohapo, ili asilazimike kwenda mbali, na wote walikubali kwamba hayo ni maendeleo.

Kalamu mpya za karakana zimefungwa mezani kwa minyororo midogo, hakuna anayeweza kuondoka na moja bila kuondoka na meza. Jumatatu Kidole alikaa kwenye nafasi yake, meza ya nyuma, akavuta ya kwake kadiri mnyororo ulivyoruhusu, akaionja kwa jani. Jani likakatika.

"Mpini mbaya," alisema Dada, akijisogeza kwenye benchi ili apate pa kukaa.

"Najua."

"Shikia mbali. Hapo patakuunguza."

Kengele ikalia. Wenzake Dada waliinuka kutoka walikokuwa, wakakung'uta aproni zao, wakaenda kusimama mlangoni kama kawaida yao. Msimamizi akanywa chai yake hadi mwisho, akarudisha kikombe kwenye rafu, akatoka nje. Akafunga.