Zoezi la Watu Wawili

Pi, pi, pi. Kwenye giza la alfajiri mita ya umeme ilianza kulia kwamba uniti zinakwisha, nikazima taa na kuendelea kusoma kwa tochi ya simu. Kitabu hicho cha uwekezaji nilikinunua kwa Uledi, muuza vitabu vya mitumba pale Mnazi Mmoja. "Dada, ukitajirika usijifanye hunijui," alinitania.

Sura ya nne ilikuwa na zoezi: kabla hujawekeza hata shilingi, kaa na mwenzako wa nyumbani, kila mmoja aseme anachoogopa. Mwalimu wa darasa letu la jioni alitaka majibu yote mawili leo. Mwenzangu mimi alihamia Mwanza, na simu zangu hapokei. Niliandika langu: naogopa kuzeekea nyumba ya kupanga. La pili nikaliacha wazi. Nilitamani mtu anijibu tu, hata kwa kunibishia.

Nikalisoma swali kwa sauti, kana kwamba yupo. "Mwenzangu, wewe unaogopa nini?"

Kumbe Jovitha, mwanangu wa miaka mitano, alikuwa macho. Akajisogeza hadi ubavuni kwangu.

"Mimi naogopa ukienda shule jioni."