Barafu Idondoke Yenyewe

Saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshatoka, lakini kila ua katika shamba la stroberi la Verlene Stamey lilikuwa bado limefungwa ndani ya barafu. Pampu ilikuwa imerusha maji usiku kucha, kwa sababu maji yakiganda hutoa joto, na joto hilo ndilo lililoyaponya maua. Verlene hakufumba macho. Mdogo wake, Hoyt, alilala fofofo, akaja na kahawa yake na mdomo wake.

"Zima pampu, dada. Kipimajoto kiko nyuzi nne juu ya kuganda."

"Barafu bado ipo."

"Si itayeyuka yenyewe!"

"Kwa joto la nani? Ukizima sasa, italinyonya ua joto lake. Baba alikwambia mara ngapi, wewe unachezea simu?"

Baba yao walimzika Januari, wakakubaliana kwamba maua yakifa safari hii, shamba linauzwa kwa wajenzi wa nyumba. Hoyt alishazungumza nao. Verlene alizaliwa pale, na hakuwa na mpango wa kwenda popote.

Hoyt akasonya, akaelekea mwisho wa shamba.

Punde pampu ikakohoa. Dizeli yake ilikuwa inaisha, na kituo cha mafuta kilikuwa maili nne. Verlene aliogopa, lakini hakusimama kuogopa. Alichukua dumu na mpira, akaiendea pikapu ya Hoyt, nayo ya dizeli.

Hoyt akaja mbio. "Wewe! Hilo gari langu!"

"Najua. Ndiyo maana lina mafuta."

Akavuta kwa mdomo, akatema, akaikamua pikapu mpaka tone la mwisho.

Saa nne barafu ikaanza kulegea na kudondoka yenyewe. Hapo ndipo alipozima. Mchana akampa Hoyt kisu.

"Pasua mwenyewe. Kiini kikiwa cheusi, wapigie wajenzi wako."

Hoyt akapasua ua la kwanza: njano. La pili, la kumi, njano. Kwenye mistari miwili ya mwisho akapasua moja, akapasua jingine, akabaki ameinama.

"Meusi yote," alisema. "Koki ya huku niliifunga asubuhi, dada. Nilitaka kukuonyesha unapoteza mafuta bure."

Verlene alitamani kumzaba kofi. Akahesabu mistari iliyobaki, arobaini na miwili, mizima.

"Na leo usiku?" Hoyt akauliza.

"Baridi ileile."

Hoyt akaokota dumu tupu, akaanza kutembea kuelekea kituo cha mafuta.