Tangi la Wubbo Lageuka Waridi

Wubbo Dijkema, mlinzi wa daraja la kufunguka la mfereji pale Appingedam, Uholanzi, alikuwa mpole kwa kila jambo ila moja. Ungeweza kumkanyaga mguu, ungeweza kumpita kwenye foleni ya samaki wa kukaanga, asiseme neno. Lakini ukimwambia kuwa mimea ya tangi lake imepandwa ovyo, uso ulimbadilika kama wa mtu aliyetukaniwa mama.

Tangi lenyewe lilianza kwa mzaha. Mkewe, Aaltje, alishinda samaki wa dhahabu kwenye michezo ya sikukuu ya mji, akarudi naye nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Wubbo akamwonea huruma, akamtia kwenye bakuli. Bakuli likawa dogo, akanunua tangi. Tangi likaonekana tupu, akapanda mmea. Mmea ukaonekana mpweke. Kufikia mwaka 1979, samaki wa dhahabu alikuwa amekufa zamani kwa uzee, na sebuleni kulikuwa na tangi la kioo la urefu wa mita mbili. Sofa lilikuwa limegeuzwa kulielekea tangi. Televisheni ilikuwa imehamishiwa jikoni, na Aaltje alitazama taarifa ya habari ameketi kwenye kiti cha kumenyea viazi.

Ndani ya kioo ilikuwa bustani ya haja. Mimea mifupi mbele, mirefu nyuma, kila kundi na rangi yake na jani lake, na kijia cha majani mafupi kikipanda kutoka kushoto mpaka kupotelea vichakani. Samaki walikuwemo, vidagaa vyenye mstari wa buluu, lakini hao walikuwa wapangaji tu. Wenye nyumba walikuwa mimea. Kulia kidogo ya katikati lilisimama kundi la mmea mwekundu, mwekundu wa kukufanya usahau ulikuwa unasema nini. Wubbo alilipunguza kwa mkasi kila Jumapili, wenzake wakiwa kanisani.

Kila Oktoba chama cha wafuga samaki cha wilaya kilituma mwamuzi nyumba kwa nyumba kushindanisha matangi. Mwamuzi huyo, Bwana Roelfsema, alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kofia nyeusi na mkoba wa ngozi, na watu walimwogopa kuliko daktari wa meno. Miaka mitatu mfululizo Wubbo alishika nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na jirani yake wa nyumba ya tatu, Harm Bolhuis, muuza baiskeli, ambaye kikombe chake alikiweka dirishani pale pale Wubbo anapopita akienda kazini.

Mwaka huo siku ya kuzaliwa ya Wubbo ilikuwa Jumanne, na Bwana Roelfsema alikuwa aje Jumamosi. Majirani walikuja, wakakaa duara viti vimegusana, wakampongeza Wubbo, wakampongeza Aaltje kwa kuwa na mume aliyezaliwa, kama ilivyo desturi yao, wakanywa kahawa. Harm alikuja na mfuko wa maji wenye samaki wawili bapa, wanang'aa kama sahani za fedha.

"Zawadi, jirani," alisema. "Wapole sana hawa."

Wubbo akaguswa, akawamimina tangini papo hapo. Alfajiri ya Jumatano alishuka na soksi zake kuwasalimu. Samaki wawili walikuwa wamenenepa. Mahali pa mmea mwekundu palikuwa na vijiti kumi na saba, virefu kama njiti za kiberiti, bila jani hata moja. Aliwapeleka samaki kwa Harm kwenye ndoo. Harm aliapa kwamba hakujua kama wanakula majani, na akaapa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Duka la karibu la samaki wa mapambo halingepata mmea ule mpaka mwezi uliofuata. Siku mbili Wubbo alikaa sofani anatazama pengo kama mtu aliyeng'olewa jino. Ijumaa mchana alikwenda bustanini nyuma ya nyumba kutupa maganda ya viazi, na huko akayaona mabitiruti ya mkewe: majani ya kijani yenye mishipa myekundu, vikonyo vyekundu kama damu. Akasimama na ndoo mkononi.

Aaltje alimkuta jikoni anayaosha. Alipoelezwa kinachopangwa, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho akasema kuwa kama ni lazima, basi ayapande mazima mazima na asiyakate hata kidogo, maana bitiruti likikatwa halijui kunyamaza. Wubbo akaitikia. Lakini changarawe ilikuwa ya kina kifupi, na mabitiruti ni manene. Yalikuwa yakielea, yanapinduka miguu juu. Mke alipotoka kwenda dukani, akachukua kisu, akayakata yote tisa chini, sawasawa, yakakaa wima kama askari wa gwaride. Jioni ile tangi lilipendeza kupita lilivyowahi kupendeza. Akalala kama mtoto mchanga.

Jumamosi saa moja asubuhi aliwasha taa ya tangi. Maji yote, lita mia nne na zaidi, yalikuwa rangi ya waridi. Si waridi la kubahatisha. Waridi la sharubati ya harusi. Vidagaa vilikuwa vinaogelea humo bila wasiwasi, na mstari wao wa buluu umegeuka zambarau.

Alibadilisha ndoo sita za maji. Waridi likabaki waridi, ila sasa na sakafu imelowa. Saa mbili, watu walipoanza kupita wakienda sokoni na kuchungulia ndani, maana mtaani kwao kila dirisha huachwa wazi ili mtu asidhaniwe ana la kuficha, Wubbo alivuta mapazia.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mtaa ule mapazia hayakufungwa mchana ila kwa jambo moja. Kabla ya saa tatu kengele ya mlango ililia, na alikuwa mke wa mwoka mikate, amejifunga kitambaa cheusi, mkononi keki ya tangawizi. Alimshika Aaltje mkono wa kulia akausukasuka, akasema Mungu ndiye ajuaye. Aaltje, asiyejua lolote kuhusu mapazia, akashukuru na kupokea keki. Wakaja wengine wawili. Akaja Harm, amevaa tai, uso umemrefuka.

"Shemeji, pole sana," alisema. "Ni nani?"

"Nani kafanya nini?" Aaltje akauliza.

Mambo yalikuwa hapo mlangoni Bwana Roelfsema alipofika kwa baiskeli na mkoba wake. Aliona watu waliovaa nyeusi, akaona mapazia, akavua kofia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba chama kina kanuni kwa ajili ya misiba na kwamba anaweza kuahirisha wiki mbili.

Wubbo alikuwa nyuma ya mkewe ukumbini. Wiki mbili! Maji yangesafika, mmea ungepatikana. Kilichohitajika ni maiti mmoja tu, na wa mbali angetosha. Akapitisha jamaa zake kichwani harakaharaka, akamfikia mjomba mmoja aliyehamia Kanada ambaye hakuna aliyewahi kumpenda, akafungua kinywa.

"Hajafa mtu," Aaltje akasema bila kugeuka. "Karibu ndani, Bwana Roelfsema. Nyinyi wengine keki ipo, lakini mtaila jikoni."

Sebuleni mlikuwa na giza, na katikati ya giza tangi linawaka kama duka la pipi. Wubbo aliegemea ukuta, akangojea. Bwana Roelfsema aliketi kwenye kigoda, akatoa karatasi, akatazama. Alitazama kwa dakika kumi. Akaandika. Akainama, akatazama kutoka chini. Akapima joto la maji. Akachota maji kwenye kichupa, akadondosha dawa ya kupimia uasidi, akainua kichupa kwenye mwanga, kisha akampa Wubbo pamoja na kadi ya kulinganishia rangi akamwomba amsomee, kwa kuwa macho yake leo yamechoka. Wubbo alitazama kichupa cha waridi, akatazama kadi ya kijani na manjano, akataja namba ya kawaida. Mzee akaiandika.

"Kundi lile pale," mzee alisema hatimaye, akielekeza kalamu kwenye mabitiruti. "Sijawahi kuliona tangini. Jani pana, mshipa umejitokeza, kikonyo kimesimama. Linaitwaje?"

Wubbo hakuwa mwongo kwa tabia. Alikumbuka pakiti ya mbegu ya mkewe, ambayo nyuma iliandikwa jina la Kilatini la bitiruti, akalitaja lilivyo. "*Beta vulgaris*," akasema.

"Beta," mzee akarudia, akaandika herufi kwa herufi. Akanywa kahawa yake, akala biskuti yake moja, akaondoka. Kuhusu maji hakutamka neno.

Jumanne barua ikaja. Nafasi ya kwanza wilayani, na sifa maalumu kwa matumizi ya ujasiri ya mmea adimu.

Harm alikuja kumpongeza, akauliza mara tatu mmea huo unapatikana wapi. Wubbo alisema kwa rafiki. Siku hiyo hakumaliza viazi vyake. Jumatano alifungua daraja kwa mashua ambayo haikutaka kupita. Alhamisi Aaltje alimwambia apande baiskeli akaseme ukweli, maana nyumbani hawezi kuishi na mtu anayehema hivyo. Na kwa kuwa hakumwamini kufika, akapanda ya kwake akamfuata.

Bwana Roelfsema aliishi Loppersum, nyumba safi yenye ubaridi wa nyumba ya mtu mmoja. Wubbo alisimama mkekani bila kuvua koti, akamwaga yote: vijiti kumi na saba, kisu, mabitiruti tisa, maji yaliyogeuka waridi. Akasema karatasi ya ushindi ichanwe.

Mzee akauliza polepole, "Maji yalikuwa waridi kiasi gani?"

"Kama sharubati," Aaltje akasema.

Mzee akakaa. Akawaeleza kwamba tangu utotoni nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, ni tope la namna mbili. Miaka ishirini na mbili alikuwa akienda kwenye ukaguzi na mkewe, Fenna, wakisema ni karani wake. Fenna alikaa kushotoni kwake akimgusa kiwiko: mara moja nyekundu, mara mbili kijani, na ukucha kama kuna ukungu wa kijani kwenye kioo. Fenna alifariki Februari. Oktoba hii alikwenda peke yake kwa sababu hakujua namna ya kukaa nyumbani Jumamosi.

"Nyumba saba nimezikagua," alisema. "Sijui nilichokiona hata katika moja."

Wubbo, aliyekuja kuomba msamaha, alijikuta hana wa kumwomba. Aaltje ndiye aliyekwenda jikoni kwa mtu bila kuuliza, akachemsha kahawa, akarudi na biskuti, mbili mbili kwa kila mtu badala ya moja ya desturi, jambo ambalo peke yake lilionyesha uzito wa siku ile. Kisha akasema kuwa yeye rangi anaziona vizuri, kiwiko anajua kilipo, na Jumamosi hana kazi, kwa kuwa sebule yake ilichukuliwa na samaki miaka mingi iliyopita.

Chama kilitangaziwa kwamba karatasi za ukaguzi zililowa mvua njiani na kila kitu kitarudiwa. Watu walinung'unika, wakasafisha vioo upya. Aaltje alivaa koti lake la buluu, akashika daftari, akaingia kwenye sebule ambazo hakuwahi kukaribishwa, ya Harm ikiwemo. Huko, alivyosimulia baadaye, alitumia ukucha mpaka mzee akaomba apumzike.

Nyumbani kwao walikubaliana kuwa Aaltje hatamgusa mzee. Bwana Roelfsema atahukumu majani na mpangilio tu, rangi aziache. Maji yalikuwa yamerudi kuwa maji, mabitiruti yameliwa pamoja na vitunguu, pengo liko pale pale. Mzee akaketi kigodani, Aaltje kando yake, mikono ameiweka mapajani kwa adabu. Wubbo aliona vizuri kabisa: kidole cha mkewe kikatoka taratibu, kikamchoma mzee ukucha. Mara moja. Na tena. Na tena.

Nafasi ya nne. Kikombe kilikwenda kwa bibi mmoja wa Delfzijl, mwenye tangi dogo kuliko yote, na Harm hakumwona mtu wa kumnunia.

"Mke wangu mwenyewe," Wubbo alilalamika mlango ulipofungwa.

"Ukungu ulikuwepo," Aaltje alijibu. "Kona ya kulia, chini. Miaka miwili nauona."

Wubbo alimnunia mpaka Jumatatu. Jioni ya siku hiyo Aaltje alitoka jikoni na sahani yake, televisheni inaendelea kusema peke yake, akaketi sofani, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu sofa ligeuzwe. Alisema kwamba yule bibi wa Delfzijl hakupanda kijia chake kikanyooka, alikipinda. Na kwamba kule kushoto pamejaa kama basi la wanafunzi.

Wubbo alisema mambo ya tangi yana utaalamu wake. Akakaa kidogo, akatazama kushoto. Akasimama, akakunja mkono wa shati mpaka begani, akauzamisha.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Zaidi," Aaltje akasema huku anatafuna. "Hapana, huo uache. Ule wa nyuma yake."