Shukrani za Mama kwa Mdomo Wangu

Kijiko kiligonga ukingo wa kitanda gizani, ko, ko, kikanyamaza, kikaanza tena. Ni mama. Tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi na mkono wa kulia, huniita hivyo. Mara mbili ni maji, mara tatu ni haja. Alfajiri hii aligonga tu mfululizo.

Niliwasha taa, nikampa maji, akafumba mdomo. Nikapapasa shuka: kavu. Nikamfunika, akalisukuma blanketi.

"Unataka nini, mama yangu?"

Vitabu vyote vile vya shule ya jioni, alikonisukuma yeye, na bado nashindwa kuusoma uso wa mama mzazi.

Binti yangu wa miaka mitano, anayelala na bibi yake, akajinyoosha. "Hajashukuru. Bibi akiamka anashukuru kwanza, ndiyo anywe chai."

Kweli. Kila alfajiri, kabla ya kukalia cherehani, mama alimtajia Mungu neema zake moja moja tangu utotoni.

"Msemee," binti akaniambia. "Mimi nasahau katikati."

Miezi miwili tangu mama aanguke, nami sijafungua kinywa kuomba. Nikajikaza.

"Asante Baba, nilikuwa yatima nikapata wa kunilea. Asante, homa ilipita na watu, mimi ukaniacha. Mume akafa. Asante kwa cherehani iliyonilishia watoto..."

Kijiko kikagonga kwa nguvu. Nikarudia tangu mwanzo. Akagonga palepale, baada ya kifo cha baba yangu.

Nilijua nimeruka nini. Niliona si la kusikiwa na mtoto.

"Si useme tu kwamba bibi aligombana na Mungu," binti akanong'ona. "Mimi ananiambiaga."

"Asante," nikasema, "kwa ile miaka miwili niliyokununia, nisikanyage kanisani. Wewe hukuninunia. Ulinivumilia, maana wewe si fundi wa kukata kitambaa kabla ya kupima."

Vidole vya mama vikalegea kwenye kijiko. Upande wa mdomo uliobaki mzima ukapanda kidogo. Utani huo wa fundi ni wake. Kisha chozi. Nikamfuta kwa kiganja. Mkono wake wa kulia ulilala palepale nilipouweka jana.

Binti akafumba macho, akanishika kidole.

"Mama, sasa ni zamu yako."